Yule Aliyelala Ukutani

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya bure, mdomo umejaa mandazi ya bure, na nilikuwa nawafundisha watu ambao hawakuniomba niwafundishe kitu.

"Tazameni huyu mama," nilisema, nikielekeza andazi kwenye mchoro uliobandikwa ukutani. "Mchoraji ametaka tuuone uvivu wenyewe. Angalieni mkono ulivyolegea chini ya shavu. Huyu ameshiba ugali wa muhogo, akashushia na pombe ya kwete, shamba limemngoja mpaka limechoka. Tena anakoroma! Tega sikio utasikia."

Wateja watatu waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka kwa pamoja. Nikageuka. Mariam Poni, mwenye hoteli, alikuwa amesimama nyuma yangu na birika.

"Huyo mama yangu," alisema. "Enoch, mkimbizi mwenzetu, alimchora kambini, huko Sudan. Siku tatu mbele akakufa. Na kwete hajaonja hata siku moja. Sisi Waislamu, mzee Adrabo."

Nimefika Juba, nimefika Kisangani, na Mombasa nimefika mara mbili, na kote huko mdomo wangu ulitangulia kufika na kunichafulia. Lakini siku ile, pale Koboko, mwaka wa themanini na nane, nilitamani sakafu inimeze pamoja na andazi. Nilikuwa nimetoka Arua kuja kumwandikia mama huyu kibao cha hoteli, basi. Kazi yangu ni vibao: saluni, duka la dawa, mbuzi wa buchani. Mbuzi wangu mmoja kule Yei watu walimwita mbwa mpaka mwenye bucha akahama mtaa.

Ili kuficha aibu nikasogea karibu na mchoro, nikajifanya nautazama kwa heshima. Ndipo nikautazama kweli.

Ulikuwa mchoro wa penseli, juu ya karatasi ngumu iliyokatwa kwenye mfuko wa unga wa msaada. Mwanamke mzee, amelala ubavu wa kulia juu ya mkeka, kiganja chini ya shavu, magoti yamekunjwa kidogo, leso imemfunika mpaka kwenye miguu. Kazi nzuri, nzuri kuliko yangu mara mia. Uso ulikuwa umepumzika. Mabega yalikuwa yamepumzika. Nikashuka na macho mpaka kwenye nyayo, nikasahau hata andazi lililokuwa mkononi.

Mtu akilala kweli, nyayo zake hutangulia kulala. Vidole hulegea, hufunguka, huanguka upande kama majani yaliyokosa maji. Vidole vya mama huyu vilikuwa vimekunjwa, vimeung'ang'ania mkeka. Kisigino cha mguu wa juu kilikuwa kimeinuka. Kuanzia kichwani mpaka kwenye magoti alikuwa mtu aliyelala; kuanzia magotini kwenda chini alikuwa mtu anayetaka kuinuka, ila anangoja wewe utazame pengine.

"Mama Keji," nilimwuliza Mariam taratibu, "mama yako alikuwa amelala kweli siku ile?"

"Alikuwa amechoka kabisa. Enoch mwenyewe alisema hajaona mutu amelala hivyo, kama gunia limeshushwa chini. Kwa nini?"

Kabla sijajibu nilisikia kitu. Kwaru. Kwaru, kwaru. Kama panya kwenye makuti, ila hoteli ile ilikuwa ya mabati. Wateja wakaweka vikombe chini, wakatoka bila kuagana, hata chai hawakumaliza. Mariam hakuangalia juu. Aliangalia pazia la mlango wa nyuma.

"Adhuhuri imepita," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Keji amelala tena."

*

Keji alikuwa binti yake wa pekee, miaka kumi na tisa, msichana ambaye kila mtu wa soko lile alimjua kwa kicheko na kwa mikono mikubwa ya kukanda unga. Alikuwa ameposwa, na arusi ilikuwa baada ya mavuno. Mariam alifungua pazia kidogo. Chumba cha nyuma kilikuwa na harufu ya mkeka uliolowa na kukaushwa kwa moshi, ingawa ilikuwa kiangazi na mkeka ulikuwa mkavu kama mfupa. Msichana alikuwa amelala ubavu wa kulia. Kiganja chini ya shavu. Magoti yamekunjwa kidogo. Nyayo zake zilikuwa nje ya leso, na vidole vilikuwa vimekunjwa.

"Mwamshe," nilinong'ona.

"Niamshe namna gani? Nimemwaga maji. Nimempiga, mimi mama yake, nimempiga kofi. Kwanza alikuwa analala mpaka alasiri. Mwezi huu mpaka magharibi. Daktari ametazama damu, hakuna malaria. Kila siku inaongeza kidogo." Alishika ukingo wa pazia kwa mikono miwili. "Siku moja haitaamka, mzee Adrabo. Mimi naona."

"Na wewe, hulali mchana?"

"Mimi nimeacha. Nikilala naamka nimelala hivyo hivyo. Kama yeye."

Basi mimi, mtu wa mizaha, nilifanya mzaha mwingine. Nikasema mwili wangu una tumbo kubwa mno kulala pozi la bibi mwembamba. Nikajinyoosha kwenye benchi la hoteli nimthibitishie kwamba ni hofu tu. Nililala chali, mikono kifuani, kama ninavyolala tangu nizaliwe. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati, na mabati yalikuwa yanalia ta, ta, ta kwa joto. Nikafumba macho.

Sikuota. Kama ningeota ingekuwa nafuu. Nilikuwa nasikia kila kitu, baiskeli za boda za kwenda Kaya, mpakani, zikipita barabarani, muuza vitunguu akimtukana mtu, Mariam akisuuza vikombe, halafu karibu zaidi kuliko hivyo vyote nikasikia ile kwaru, kwaru, pole pole, si kwenye mabati na si ukutani, bali juu ya ngozi yangu, kwenye nyonga, ikishuka pajani kama mtu anayefuata ukingo wa kitu asichokiona vizuri, na kila ilipopita mahali, mahali pale palikuwa pazito na pakavu kama karatasi, nikataka kusogeza mguu lakini mguu haukuwa wangu, ulikuwa unakunjwa na kupangwa, goti likavutwa, kiganja changu kikatolewa kifuani na kuingizwa chini ya shavu langu kwa upole, kwa upole kabisa, kama mama anavyomlaza mtoto wa mtu mwingine, na harufu ya mkeka uliolowa ikanijaa puani mpaka kooni, na ile kwaru ikafika kwenye kisigino ikasimama hapo, ikingoja.

Nikaanguka kutoka kwenye benchi. Hilo tumbo langu ndilo lililoniokoa. Lilinizidi uzito upande mmoja. Nilipoinuka, Mariam alikuwa amesimama mbele ya mchoro na kiganja mdomoni.

"Iko mpya," alisema. "Hapo. Asubuhi haikuwa."

Kwenye kidole kikubwa cha mguu wa mama wa ukutani palikuwa na kovu dogo la mkato. Mariam alinivuta mpaka chumba cha nyuma. Keji alikuwa na kovu hilo hilo, la jembe, kidole hicho hicho. Kisha akauinua mkono wa kulia wa binti yake anionyeshe vidole. Ncha zake zilikuwa za kijivu, zinang'aa. Unga wa penseli. Katika nyumba ile hapakuwa na penseli hata moja.

Hapo ndipo kazi yangu ya vibao ilinisaidia kwa mara ya kwanza maishani. Nilirudi nikaipima ile mistari kwa macho, si sura, mistari yenyewe. Kivuli cha penseli hutengenezwa kwa mistari midogo mingi, na mistari hiyo huinama kama mvua yenye upepo. Mtu wa mkono wa kulia, mvua yake huinamisha vichwa kulia. Wa mkono wa kushoto, huinamisha kushoto. Uso wa mama, mabega, leso, vyote vilikuwa mvua ya kushoto. Kuanzia magotini kwenda chini, mvua ilikuwa imegeuka.

"Enoch anatumia mkono gani?"

"Kushoto," alisema Mariam. "Kambini walimtania sana."

*

Enoch alikuwa anaishi Inde, ng'ambo ya Arua, akifundisha watoto hesabu. Nilipanda lori la tumbaku alfajiri, na njia nzima sikukaa. Kila nikikaa, miguu ilitaka kujikunja. Wenzangu juu ya lori wakaniuliza kama nina minyoo. Nikawaambia ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi kueleza.

Enoch alikuja bila maswali mengi. Alikuwa mwembamba, mpole, na Mkristo wa kanisa asiyependa habari za majini. Kesho yake mchana aliingia katika hoteli ya Mariam, akasimama mbele ya kazi yake mwenyewe, na nikaona jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu.

"Mimi nilichora mutu amechoka," alisema. "Ile siku mama alitembea kufuata maji, akarudi, akalala. Nilibonyeza penseli hapa begani, hapa nyonga, ili uone uzito unaenda chini. Nyayo nilizichora mistari mitatu tu, kwa sababu alikuwa ameziacha kabisa, hana kazi nazo." Aligusa hewa mbele ya karatasi, hakuigusa karatasi. "Hii imefuta yangu. Angalia, imekwangua. Na haichori kama mutu anayejua. Inatafuta. Inachora mstari, inauacha, inachora mwingine kando yake. Kama kipofu anashika uso."

"Inatafuta nini?" Mariam aliuliza.

"Kusimama," alisema Enoch. "Imebaki kisigino na kifundo. Ikimaliza kifundo itakuwa na mguu."

Fakii Sule, mwalimu wa Kurani wa mtaa ule, aliletwa baada ya sala. Alikuwa mzee mfupi mwenye hasira za karibu, na jambo la kwanza alilofanya ni kumgombeza mwenye nyumba.

"Picha ya mutu, chumba unasali! Mara ngapi nimesema? Unamwekea jini kitanda, halafu unauliza kwa nini amelala?"

"Ni mama yangu, Fakii."

"Hakuna mama hapo. Iko karatasi. Leta moto."

"Na kovu la Keji lililo ndani ya karatasi?" Enoch alisema, na mzee akamgeukia kwa hasira, kisha akalitazama lile kovu, kisha hasira ikamtoka usoni.

Tukaingia chumba cha nyuma sote wanne. Enoch alikuwa ameubeba mchoro juu ya ubao. Keji alikuwa amelala tangu saa tano asubuhi. Hakungoja adhuhuri tena. Fakii alikaa kichwani pake akaanza kusoma, sauti ya chini, na jinsi alivyosoma ndivyo ile harufu ilivyozidi, mkeka, moshi, na chini yake udongo mwekundu wa mahali ambapo si Koboko. Midomo ya msichana ikaachana. Macho hayakufunguka.

"Nimetembea sana," ilisema. Haikuwa sauti ya Keji. Haikuwa sauti ya kutisha pia, na hilo ndilo lililonitoa jasho. Ilikuwa sauti ya bibi yeyote aliyefika kutoka safari. "Siku tatu. Mbona hakuna aliyenipokea?"

"Wewe nani?" Fakii aliuliza.

"Niliitwa."

"Nani amekuita?"

Mkono wa Keji, ule wenye ncha za kijivu, ukatoka chini ya shavu pole pole na kumwelekea Mariam Poni.

Mariam alikaa chini. "Siku ya kurudi kutoka kambini," alisema. "Mwaka wa themanini na sita. Watu wote walienda makaburini kuita wafu wao, wasibaki nchi ya watu. Mimi kaburi la mama sikuliona tena. Mvua ilibeba vijiti vyote. Yalikuwa makaburi mengi, mengi." Alikuwa anasema na sakafu. "Na jina la mama siwezi kulitaja, nani anataja jina la mama yake? Nikasimama pembeni, nikasema: mama, wewe unayelala hapa, amka, twende nyumbani."

Nikautazama ule mkono wa Keji; bado ulikuwa umemwelekea Mariam.

"Mama wangapi walilala hapo," Enoch alisema kwa sauti ndogo.

"Si mama!" Fakii alisema. "Wafu hawatembei. Hii ni ya makaburini, iko na masikio, imesikia mulango unafunguliwa, imeingia. Inajua kuigiza uchovu wa watu."

"Nimechoka," ilisema ile sauti. "Nataka kusimama nikae na ninyi. Mguu mmoja tu umebaki."

Na kwaru ikaanza. Safari hii sote tuliona: kidole cha Keji kikichora hewani, polepole, na juu ya ubao uliokuwa mikononi mwa Enoch mstari mmoja wa kijivu ukijitokeza kwenye kifundo, peke yake, kama ufa kwenye chungu. Kifua cha Keji kiliinuka, kikashuka, na kikakaa muda mrefu mno kabla ya kuinuka tena.

Mariam alimshika binti yake mabega. "Enoch! Fanya kitu! Wewe ulianza!"

Enoch alikuwa anatetemeka hivi kwamba ubao uligonga ukuta. Nikaushika. Hiyo ndiyo kazi yangu katika habari hii yote, msinisifu zaidi: nilishika ubao. Akatoa penseli kwenye mfuko wa shati kwa mkono wa kushoto.

"Sitafuta," alisema, hakuwa anasema na sisi. "Nikifuta nitamfuta Keji. Nitampa huyu mama kivuli. Hana kivuli chini. Angalieni, tangu ile ilipochukua miguu imeinua kila kitu, mkeka haujabonyea popote. Mutu hawezi kupumzika kama chini yake hakuna kitu."

Akaanza. Chini ya bega kwanza, mistari midogo, mizito, vichwa vikiinamia kushoto. Kisha chini ya nyonga. Na kidole cha Keji kilikuwa kinachora upande wake nacho, haraka sasa, kikitafuta kifundo, mstari, mstari, Fakii akisoma na sauti imepanda, Mariam akiita jina la binti yake, jina kamili, na la baba yake, na la babu yake, tena na tena, ili safari hii pasiwe na anayedhani anaitwa yeye, na ubao ulikuwa unazidi kuwa mzito mikononi mwangu, naapa, kama mtu anashushwa juu yake kidogo kidogo, mpaka viwiko vyangu vikalia na nikapiga goti, na Enoch akapiga goti na mimi bila kuinua penseli, akafika chini ya goti, akafika chini ya muundi, akaweka kivuli chini ya kisigino, kizito, cheusi, akakibonyeza mpaka risasi ya penseli ikavunjika.

Kidole cha Keji kikasimama.

Nilitazama nyayo zake kwa sababu sikuthubutu kutazama uso. Vidole vilifunguka kimoja kimoja. Vikaanguka upande.

*

Tuliuzika mchoro nyuma ya hoteli jioni ile, jua likiwa bado liko. Fakii alikataa mpaka mwisho. Alisema jini halizikwi, jini linafukuzwa, na kwamba watu wakisikia watamcheka mpaka Yumbe.

"Sisemi umsalie," Mariam alimwambia. "Nasema tumlaze. Mimi nilimwamsha."

"Na hili shamba hapa, la wakwe zako? Kaburi la asiyejulikana ndani ya ardhi ya ukoo? Watakuuliza ni nani."

"Nitawaambia ni mgeni."

Alichimba mwenyewe. Akaulaza mchoro kwa ubavu wa kulia, juu ya kipande cha mkeka, akafukia nusu. Keji alikuwa amekaa mlangoni, amefunikwa blanketi, amelegea, anakunywa uji mimi nikimlisha kwa kijiko na kumwambia habari za mbuzi wangu wa Yei. Alikuwa amecheka kidogo. Kijiko cha nne hakukipokea. Alikuwa anatazama shimo, na harufu ya mkeka uliolowa ikapita kati yetu mara moja, nyembamba, kama mtu anayepita na kikapu.

"Uliniita mama," alisema Keji, kwa ile sauti nyingine. "Utaniita tena?"

Mariam Poni hakugeuka. Alisukuma udongo uliobaki kwa mikono yote miwili.

"Hapana," alisema. "Lala."